Panya Aliyezimwa Jeni: Uhakiki wa Hoja Kuhusu Chanzo cha Ugonjwa

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi yanayoeleza sayansi kwa watu wasio wanasayansi, msomaji hukutana na maneno ya namna hii: wataalamu wamegundua jeni ya ugonjwa fulani, wameizima katika panya, na panya wakaugua, basi chanzo cha ugonjwa kimejulikana. Mara nyingi habari ya pili hufuata: wameizima jeni nyingine, na panya wakapona, basi tiba imepatikana. Maneno haya hayaishii magazetini. Huingia katika mahubiri, katika semina za vijana, katika mafundisho ya ndoa, na katika mazungumzo ya mchungaji na wazazi wenye mtoto mgonjwa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuipima hoja iliyomo ndani yake, kwa uangalifu uleule ambao mwanafunzi wa theolojia hutakiwa kuutumia anapopima hoja nyingine yoyote.

Makala haya hayakusudii kuidharau kazi ya maabara. Kazi hiyo imeleta maarifa makubwa, na tutaonyesha hivyo. Tunachodai ni kwamba panya aliyezimwa jeni ni shahidi mkweli, lakini hujibu swali moja tu: katika mwili wa panya huyu, ni kitu gani huharibika au hakiharibiki jeni hii ikikosekana? Mtu anayemtaka ajibu pia kwa nini mtoto fulani anaumwa, au dawa yake ni ipi, anamwekea maneno kinywani. Kwanza tutaeleza kazi yenyewe. Kisha tutatazama mifano ambayo panya hawakuonyesha kilichotarajiwa. Halafu tutachunguza mfano wa ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, ambamo njia hii ilitumika vema. Mwisho tutasema linalowapasa wanaofundisha na kuwatunza watu.

2. Kazi yenyewe ilivyo

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maagizo ambayo seli huyafuata, mara nyingi ili kutengeneza protini fulani. Kila mtu, na kila panya, hurithi nakala mbili za karibu kila jeni: moja ya baba na moja ya mama. Kuzima jeni ni kuzivunja nakala hizo makusudi, ili protini yake isitengenezwe.

Msingi wa kazi hii uliwekwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1981, huko Cambridge, Martin Evans na Matthew Kaufman walifaulu kukuza katika chombo seli shina zilizotoka katika kiinitete cha panya. Baadaye ilionekana kwamba seli za namna hiyo zikirudishwa katika kiinitete kingine hushiriki kujenga viungo vyote vya mwili, hata mbegu za uzazi. Wakati huohuo Oliver Smithies na Mario Capecchi, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani, walionyesha kwamba kipande cha DNA kilichotengenezwa na mtafiti kinaweza kuingizwa katika seli, kikaitafuta jeni inayofanana nacho, na kushika nafasi yake. Smithies alilionyesha jambo hilo mwaka 1985 kwa jeni ya binadamu ya beta-globini, ambayo tutaikuta tena hapo mbele. Capecchi alilionyesha mwaka 1987 katika seli shina za panya. Watatu hao, Evans, Smithies na Capecchi, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Hatua za kazi ni hizi. Jeni huvunjwa katika seli shina. Seli hizo hupandikizwa katika kiinitete kichanga, nacho huwekwa katika tumbo la uzazi la panya jike. Watoto wanaozaliwa huwa wa mchanganyiko, sehemu ya miili yao ikitokana na seli zilizobadilishwa na sehemu nyingine ikitokana na seli za kawaida. Watoto hao huzalishwa kwa vizazi kadhaa hadi apatikane panya aliyerithi nakala iliyovunjwa kwa baba na kwa mama. Huyo ndiye hulinganishwa na ndugu zake wa uzao mmoja wenye jeni nzima. Tangu mwaka 2013 chombo kiitwacho CRISPR kimeifupisha safari hiyo, kwa kuwa huweza kuikata jeni moja kwa moja ndani ya kiinitete.

Nguvu ya hoja iko katika ulinganisho huo. Kuona kwamba watu wengi wenye ugonjwa fulani wana kasoro katika jeni fulani ni kuona mambo mawili yakifuatana, na mambo yanayofuatana si lazima moja liwe limelizaa jingine. Hapa mtafiti hangoji. Analiondoa jambo moja kwa mkono wake, analiacha jingine lote kama lilivyokuwa, kisha anatazama. Ndiyo maana njia hii imeheshimiwa kuliko nyingi zilizoitangulia, na heshima hiyo ni ya haki.

3. Panya walipokosa kuonyesha kilichotarajiwa

Hata hivyo, tangu mwanzo kabisa panya hao walitoa onyo. Kuna ugonjwa adimu uitwao Lesch-Nyhan, ambao huwapata hasa watoto wa kiume waliokosa jeni iitwayo HPRT. Watoto hao hupata matatizo makubwa ya mwendo, na wengi hujiuma midomo na vidole hadi kujijeruhi vibaya. Mwaka 1987 makundi mawili ya watafiti yalipata panya wasio na jeni hiyo. Panya walikuwa wameikosa jeni ileile, lakini hawakujiuma, wala hawakuonyesha matatizo yale ya mwendo.

Mfano wa pili ni ugonjwa wa sistiki faibrosisi, unaowapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Jeni yake, iitwayo CFTR, ilitambuliwa mwaka 1989. Kasoro yake huufanya ute wa mwili kuwa mzito, nao huziba mapafu na viungo vya kumeng'enyea chakula. Wagonjwa wengi hufa kwa sababu ya mapafu. Mwaka 1992 watafiti wa Chapel Hill, North Carolina, akiwamo Smithies, walitangaza kwamba wamepata panya waliozimwa jeni hiyo. Panya wengi walikufa wakiwa bado wadogo kwa kuziba utumbo, jambo linalofanana na linalowapata baadhi ya watoto wachanga wenye ugonjwa huu. Lakini mapafu yao hayakuugua kama ya binadamu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba njia za hewa za panya zina mlango mwingine wa kupitisha chumvi, ambao hufidia ule uliokosekana. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamezalisha nguruwe waliozimwa jeni hiyohiyo, na nguruwe hao walipokua walipata ugonjwa wa mapafu unaokaribia ule wa binadamu.

Mfano wa tatu unahusu jeni p53, ambayo hupatikana ikiwa imeharibika katika saratani nyingi za binadamu. Wengi walitazamia kwamba mnyama asiye na jeni hiyo hataweza hata kuumbika tumboni. Mwaka 1992 ilitangazwa kwamba panya wasio nayo walizaliwa, na karibu wote walionekana wa kawaida. Lakini wengi wao walipata uvimbe wa saratani kabla ya kutimiza miezi 6. Hapa panya alirekebisha fikira ya wataalamu: jeni hiyo si ya kuujenga mwili, bali ni mlinzi wake.

Kinyume chake, ziko jeni ambazo zikizimwa mnyama hafiki popote. Katika uchunguzi wa jeni 1,751 uliotangazwa mwaka 2016 na muungano wa kimataifa unaozima jeni za panya moja baada ya nyingine, takriban theluthi moja zilikuwa ni zile ambazo zikikosekana panya hufa kabla ya kunyonyeshwa na kuachishwa, au huzaliwa wachache kuliko inavyotarajiwa. Kifo cha namna hiyo hutufahamisha kwamba jeni ni ya lazima. Hakitufahamishi kazi yake kwa mtu mzima, wala ugonjwa inaohusika nao uzeeni.

Tukiikusanya mifano hii tunapata mambo matatu. Kwanza, panya kutougua hakuthibitishi kwamba jeni haihusiki, kwa maana huenda jeni nyingine imeifidia. Pili, panya kuugua hakuthibitishi kwamba ameugua ugonjwa uleule wa binadamu, kwa maana jina la jeni ni moja lakini mwili ni mwingine. Tatu, jeni moja hufanya kazi nyingi katika viungo mbalimbali na katika nyakati mbalimbali za uhai. Kwa hiyo maneno "jeni ya ugonjwa fulani" yanaipa jeni jina la siku iliyoharibika, na kusahau kazi zake za siku zote. Ni kama kusema kwamba kazi ya paa la nyumba ni kuvuja.

4. Selimundu: mfano wa njia iliyotumika vema

Ugonjwa wa selimundu unatuhusu kwa karibu. Hukadiriwa kwamba nchini Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka, na mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria imeathirika sana. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba tofauti yenyewe ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wa protini ya beta-globini. Kati ya nyakati hizo, mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya uchunguzi wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Tangu hapo jina "jeni ya ugonjwa" lilikwisha kupata dosari, kwa kuwa jeni hiyohiyo ni maradhi kwa mtoto aliyerithi nakala mbili na ni ngao kwa ndugu yake aliyerithi moja.

Panya asingeweza kuusaidia uchunguzi wa ugonjwa huu kwa kuzimwa jeni ya beta-globini peke yake. Selimundu haitokani na kukosekana kwa protini. Inatokana na protini iliyopo lakini imebadilika. Ndiyo sababu mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalifanya kazi ya hatua mbili: walizizima jeni za globini za panya mwenyewe, kisha wakaweka mahali pake jeni za binadamu, pamoja na ile ya selimundu. Chembe nyekundu za panya hao zilipinda kama mundu, wakapungukiwa damu, na viungo vyao vikaharibika. Watafiti hawakudai kwamba kuzima jeni kumeleta jibu. Walizima ili kuondoa kizuizi, kisha wakauliza swali lao.

Swali lililofuata lilitoka kwa waliowatazama watoto. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alieleza kwamba watoto wenye selimundu hawaugui katika miezi ya kwanza kwa sababu bado wana himoglobini ya kijusi, yaani ile ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni. Himoglobini hiyo ikipungua, maumivu huanza. Je, ni nini kinachoizima? Katika miaka ya 2007 na 2008 uchunguzi wa vinasaba vya watu wengi, wakiwamo wakazi wa kisiwa cha Sardinia, ulielekeza kwenye jeni iitwayo BCL11A. Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston walionyesha kwamba jeni hiyo ikipunguzwa nguvu katika seli za binadamu, himoglobini ya kijusi huongezeka.

Sasa tuangalie ushahidi wa panya. Tangu mwaka 2003 ilikuwa imejulikana kwamba panya aliyezimwa BCL11A mwili mzima hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, na huwa amekosa seli B, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili. Anayesoma ushahidi huo kwa haraka angesema kwamba hiyo ni jeni ya kinga, na kwamba haifai kuguswa. Watafiti wa Boston hawakuishia hapo. Waliizima katika ukoo wa chembe nyekundu za damu tu, na viungo vingine wakaviacha na jeni yao nzima. Mwaka 2011 walitangaza kwamba panya wenye selimundu waliotendewa hivyo walirudishiwa himoglobini ya kijusi, na dalili za damu na za viungo zikarekebika. Mwaka 2013 ikaonyeshwa sehemu ndogo ya DNA inayoiwasha BCL11A katika ukoo wa chembe nyekundu. Mwaka 2016 ilielezwa kwamba watoto waliozaliwa na nakala moja iliyoharibika ya BCL11A wana himoglobini ya kijusi nyingi, lakini pia wana ulemavu wa akili. Hivyo ushahidi wa panya na wa watoto ulikubaliana: jeni yenyewe isivunjwe mwili mzima, bali swichi yake katika damu iguswe peke yake.

Juu ya msingi huo ikatengenezwa tiba iitwayo Casgevy, ambayo hukata swichi hiyo katika seli shina za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Iliidhinishwa Uingereza mwezi wa Novemba 2023 na Marekani mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na maumivu makali ya ugonjwa huu. Hayo ni mafanikio ya kweli, na hatuoni sababu ya kuyapunguza.

Lakini tuzingatie jinsi yalivyopatikana. Swali lilitoka kwa watoto wachanga. Dalili ya kwanza ya jeni ilitoka katika vinasaba vya watu. Panya alitumika kujaribu dhana iliyokwisha kufinyangwa, tena kwa kuzima mahali pamoja na kuacha kwingine. Wagonjwa wenyewe ndio waliothibitisha mwishoni. Panya alikuwa pete moja katika mnyororo. Mtu akiichukua pete hiyo peke yake na kuiita mnyororo mzima, anaharibu hata sifa ya pete.

5. Pingamizi mbili

Wapo watakaosema: "Binadamu si panya, basi kwa nini tujishughulishe naye?" Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Mapafu ya panya wa CFTR yanaliunga mkono, lakini damu ya panya wa BCL11A inalikataa. Haitoshi kusema kwa jumla kwamba tunafanana au hatufanani. Kila mara yapasa kuuliza: katika kiungo hiki, katika jeni hii, tunafanana kwa kiasi gani? Anayemkataa panya bila kuuliza hivyo amefanya kosa lilelile la anayemkubali bila kuuliza.

Wengine watauliza kuhusu mnyama mwenyewe. Ni halali kuuliza. Panya hawa huzaliwa ili waugue, na wengi hufa kwa mateso. Sisi hatusemi kwamba jambo hilo halikubaliki kabisa, tukikumbuka mateso ya watoto tuliowataja. Ila tunasema kwamba uzito wa gharama hiyo unadai swali liwe zuri. Mnyama aliyeumizwa kwa ajili ya swali lisiloweza kujibiwa naye ameumizwa bure, na matokeo yake yakitangazwa kupita kiasi, hasara inakuwa mara mbili. Kwa hiyo usahihi wa maneno si suala la lugha tu. Ni sehemu ya wajibu wetu kwa viumbe.

6. Yanayowapasa wachungaji na walimu

Tumeandika haya kwa sababu maneno ya maabara yakifika nyumbani hubadilika kuwa hukumu. Mtoto akigunduliwa kuwa na selimundu, mara nyingi mama ndiye huambiwa kwamba ameleta damu mbaya katika ukoo. Swali la kale juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, la kutafuta ni nani aliyekosa, hurudi likiwa limevaa nguo za sayansi: jeni imetoka upande gani? Mchungaji anayeelewa jambo hili anaweza kuwaeleza wazazi kwamba mtoto mwenye nakala mbili za jeni ya selimundu amerithi moja kwa baba na moja kwa mama. Kwamba wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa. Kwamba wenye nakala moja kila mmoja, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne katika kila mimba. Na kwamba jeni hiyo ilienea katika nchi zetu kwa sababu iliwakinga mababu zetu na malaria. Hakuna katika hayo yote mahali pa kuweka lawama.

Hali kadhalika habari ya kwamba tiba imepatikana isitolewe mimbarani kwa nusu. Bei iliyotangazwa ya Casgevy nchini Marekani mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, mbali na dawa kali za kusafisha uboho na majuma ya kulazwa hospitalini. Mama wa Mwanza akiambiwa tu kwamba ugonjwa umepata tiba, ataondoka na tumaini lisilo na njia, au atauza shamba akitafuta kisichokuwapo. Lakini akiambiwa habari yote, atasikia pia mambo yaliyo karibu naye zaidi: kumpima mtoto mapema, kumpa penisilini ya kumkinga, kumlinda na malaria, na dawa ya haidroksiyurea. Dawa hiyo ya kumeza nayo huongeza himoglobini ya kijusi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kwamba kwa watoto walioitumia yalipungua maumivu, malaria na vifo. Ukweli uleule uliotafutwa kwa kukata jeni unafanya kazi kwa kidonge, na kidonge hicho ndicho ambacho kanisa lenye zahanati na hospitali linapaswa kuuliza kama kimo katika stoo yake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba panya aliyezimwa jeni ametoa ushahidi mkubwa kila alipoulizwa swali linalomfaa, na kwamba makosa mengi hutokea wakati wa kuusimulia ushahidi huo. Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wetu, wanapokutana na habari za namna hii, waulize mambo manne kabla ya kuzifundisha: ni jeni gani iliyozimwa, na ilizimwa katika kiungo gani, panya alionyesha nini hasa, na hakuonyesha nini, je, wagonjwa wenyewe wamethibitisha jambo hilo, na je, linalosemwa linamfikia mgonjwa aliye mbele yetu, kwa bei gani na kwa njia gani? Asiyepata majibu ya maswali hayo na aseme kwamba hajayapata, kisha awaelekeze wazazi kliniki wakati uchunguzi unaendelea.